Mkate wa Kiapo

Panya wa saba amelala chali juu ya kitambaa,
dawa ya usingizi imemfumba macho nusu.
Dirishani, Tudor inanuka mikoko na dizeli,
feni inazungusha joto lile lile.
Kazi yangu ni ndogo: pamba chini ya ulimi,
dakika tano, kisha mizani.
Miaka kumi na minane napima mate.
Arusini wakiniuliza nafanya kazi gani
huwaambia, napima. Hawaulizi zaidi.

Kwanza pilokapini.
Pamba inalowa kabla sijashika kalamu,
mate mepesi, kama maji ya mfereji wa Makupa siku yanapotoka,
yanafika sharubuni, yanamwagika bure.
Wiki ya pili, isoprenalini,
binamu wa adrenalini, huingia kwa mlango wa hofu.
Hapo nangoja.
Tone moja.
Jingine, likisitasita,
zito kama ute wa yai, limejaa protini,
ukiligusa kwa sindano linafuata kama uzi.
Daktari Mwachiru hupenda kusema:
tezi haijanyamaza, Bi Ruweida, imebadilisha lugha.

Lugha hiyo niliisikia nina miaka tisa,
Kibokoni, ukumbini kwa shangazi Shamsa.
Pete yake ya yakuti ilikuwa imepotea.
Maalim akausomea mkate, akaukata vipande,
boflo la juzi, bila siagi, bila chai,
akasema: mwenye haki atameza, mwizi utamsakama.
Tukapangwa, watoto, mpishi, dobi,
na Kaingu mchota maji,
aliyekuja kutoka Kaloleni mwezi ule.

Kaingu alitafuna.
Akazidi kutafuna.
Macho yakamtoka kwa shangazi, kwa maalim, kwa mlango,
koo likapanda likashuka tupu,
unga umemganda kaakaani kama chokaa.
Hakuna aliyempa maji.
Mwisho akautema kiganjani, mkavu,
na ukumbi mzima ukashusha pumzi.

Mimi nilimeza.
Nilimeza kwa kuwa shavuni, nyuma ya gego,
nilificha kokwa ya ukwaju na nyama yake,
si kwa werevu, kwa ulafi tu,
na uchachu ukanifungulia mifereji yote.
Mkate ulishuka kama uji wa Ramadhani.
Shangazi akanipapasa kichwa.
Pete ilikuwa kwenye upindo wa gauni langu.

Baada ya mwezi niliitupa chini ya msala.
Shangazi akasema majini wamechoka nayo.
Kaingu hakuitwa.

Yako mambo mizani imenifunza, nami sikuyauliza.
Ukimtangulizia panya propranololi,
isoprenalini hubisha, hubisha, hakuna afunguaye.
Na ukimdunga kila siku, siku kumi mfululizo,
tezi zenyewe huvimba,
huwa nzito mara mbili, mara tatu,
kana kwamba mwili umekata shauri:
hofu si mgeni tena, ijengewe chumba.
Nimezikata kwa mkono wangu. Nimeziona.
Jioni hiyo nilishindwa kula mihogo pale Lighthouse,
ndimu na pilipili vikininukia,
kinywa changu kikiwa jangwa.

Sijui yeye siku zake zilikuwa ngapi.
Niliwahi kuulizia Mariakani, nikacheka mwenyewe:
akina Kaingu wamejaa njia nzima,
na mimi jina la babake sikulijua.

Naandika: panya wa saba, dakika tano,
miligramu kumi na moja, mate mazito.
Anaanza kutikisa masikio. Namrudisha kizimbani.
Neno hilo, kizimba, sijapata jingine la kulitumia.
Naijaza chupa yake mpaka shingoni,
nazima taa, sitoki,
nasimama gizani nisikie kile kigololi cha chuma
kikigongwa na ulimi.